Joto la Chumba Kisicho na Mtu

Maneno ya mama mmoja, fundi wa hoteli, aliyoyasema mbele ya familia zilizofika karibuni, Black Rock, Buffalo

  Nimeombwa niseme kuhusu kazi za hoteli, na hasa jinsi hoteli zinavyotumia umeme na gesi, kwa sababu wengi wenu mtaanzia huko. Mimi pia nilianzia huko. Nilifika Buffalo mwaka 2012 kutoka kambi ya Nyarugusu, na kabla sijamaliza miezi mitatu nilikuwa nasukuma kigari cha shuka kwenye korido, sijui hata kusema "taulo" kwa Kiingereza. Leo niko upande wa mafundi: boila, mabomba, mashine za joto. Kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono.

Nianze na kosa langu. Majira yangu ya kwanza ya baridi, nilikuta chumba kinanuka sigara. Mgeni ameshaondoka. Nikafungua dirisha wazi kabisa, hewa iingie, nikazima taa zote, nikatoka nimejisifu moyoni kwamba nimewaokolea umeme. Baada ya saa mbili fundi mkuu, mzee mmoja mpole, akanifuata, akaniomba niende naye chini. Akanionyesha boila. Ilikuwa inanguruma kama lori linalopanda mlima. Akaniambia kwa ishara, maana Kiingereza changu kilikuwa kidogo: ile mashine ya joto chini ya dirisha uliiacha inawaka, na dirisha wazi. Unapasha joto barabara.

Ndugu zangu, mimi nimekulia Uvira. Kule umeme unatoka mto Ruzizi, kama wa Bukavu na Bujumbura, na ulikuwa unakuja unapotaka na kuondoka unapotaka. Tulifundishwa jambo moja: ukiutumia, zima taa. Joto hakuna aliyetufundisha, kwa sababu joto lilikuwa la Mungu, bure, hadi unalikimbilia kivulini. Hapa mambo yamegeuka. Hesabu hii fundi mkuu aliniandikia kwenye karatasi ya boksi, na nimeitunza kichwani. Taa moja ya LED inakula wati 9 au 10. Mashine ya joto ya umeme iliyo chini ya dirisha, kama zile za hoteli nyingi za kando ya barabara kuu, ikiwaka inakula kama wati 3,000. Hiyo ni sawa na taa 300. Na maji ya moto ni vivyo hivyo. Mtu mmoja akioga dakika 10 kwa maji ya moto wakati wa baridi, nishati aliyotumia ingeweza kuwasha taa moja ya LED mchana na usiku kwa wiki mbili.

Sasa zidisha kwa vyumba mia moja. Ndipo utaelewa kwa nini mwenye hoteli halali usingizi kwa sababu ya boila, wakati sisi tunahangaika na swichi.

Mnajua, mji huu una historia yake na jambo hili. Ukitoka hapa ukashuka hadi Niagara Street utauona mto. Maji yale yanatoka Ziwa Erie, yanapita hapa Black Rock, yanakwenda kaskazini hadi kwenye maporomoko ya Niagara. Mwezi Novemba mwaka 1896 umeme wa maporomoko yale ulifika Buffalo kwa waya, umbali wa kilomita 40 na zaidi, jambo ambalo wakati ule watu wengi waliona haliwezekani. Miaka michache baadaye, mwaka 1908, bwana mmoja anaitwa Statler akafungua hoteli hapa Buffalo ambayo kila chumba kilikuwa na bafu lake na maji ya moto, kwa dola moja na nusu. Kabla ya hapo, hata katika hoteli nzuri, mgeni wa kawaida alikuwa anashiriki bafu la kwenye korido na wenzake. Wanasema pia ndiye aliyeweka swichi ya taa karibu na mlango, ili mgeni asitafute ukutani gizani. Jengo lile la kwanza lilibomolewa zamani, lakini kila chumba mtakachosafisha, popote Marekani, ni mtoto wa chumba kile. Hata yale mabafu mawili yanayopeana mgongo, mabomba yake yakipita kwenye ukuta mmoja, ni mpango wake.

Na maporomoko yenyewe nayo yamefungwa kamba na hoteli. Hili huwa linawachekesha watu nikiwaambia. Marekani na Kanada zilitia saini mkataba mwaka 1950. Unasema kwamba mchana katika msimu wa watalii, Aprili hadi Oktoba, lazima maji yasiyopungua mita za ujazo 2,800 hivi kwa sekunde yaachwe yaanguke, ili mgeni aliyelipia chumba chenye dirisha la kutazama maporomoko aone kitu. Usiku, na majira yote ya baridi, wanaruhusiwa kuacha nusu ya hayo tu. Mengine yanaingizwa kwenye mahandaki na mifereji hadi kwenye mitambo ya pande zote mbili. Upande wetu ni kituo cha Robert Moses, kilichoanza kazi mwaka 1961. Kwa hiyo mgeni akilala, maporomoko yanapunguzwa, umeme unaongezwa.

Nasema haya kwa sababu yanabadilisha hesabu. Watu wengi wakisikia "nishati isiyoisha" wanafikiria sola juu ya bati. Sisi upande huu wa jimbo, umeme unaotoka ukutani tayari kwa sehemu kubwa ni wa maji, na mwingine wa nyuklia. Kwa sehemu kubwa haufuki moshi. Kinachofuka moshi ni gesi iliyo chini ya jengo, ile inayopasha vyumba na maji. Kwa hiyo hoteli ya hapa ikikuambia "tunalinda dunia", uiulize, au ujiulize wewe kimya kimya: boila lenu mmelifanya nini? Vyumba visivyo na wageni mnavipasha joto kiasi gani? Mashine za kukaushia nguo zinapumua?

Na hapa ndipo panapotuhusu sisi, mfukoni mwetu.

Mtakuta kwenye kitanda au bafuni kadi ndogo, imechorwa jani la kijani. Inamwambia mgeni: ukitaka kuokoa maji, tundika taulo yako uitumie tena. Hiyo sina ugomvi nayo. Taulo isiyofuliwa ni maji ya moto ambayo hayakuchemshwa na mashine ya kukausha ambayo haikuzunguka. Kuna wataalamu watatu, Goldstein, Cialdini na Griskevicius, walioichunguza kadi hiyo, na mwaka 2008 wakaandika kwamba kadi inayosema "wageni wengi waliolala katika chumba hiki walitumia taulo zao tena" inafanya kazi kuliko ile inayobembeleza kwa ajili ya mazingira. Mtu huiga jirani yake, hata jirani ambaye hajawahi kumwona. Sisi tunalijua hilo, hatukuhitaji profesa.

Lakini kuna kadi ya pili. Hii inasema: usitake chumba chako kisafishwe kabisa, siku zote utakazokaa, na sisi tutakupa zawadi. Karibu mwaka 2009 kampuni ya Starwood ilieneza mpango wa namna hiyo katika hoteli zake: mgeni akikataa usafi anapata vocha ya dola tano ya chakula au pointi. Chama cha wafanyakazi wa hoteli, UNITE HERE, kikaupinga. Kikasema kwamba jani la kijani limewekwa juu ya saa za kazi za akina mama. Baadaye Marriott iliinunua Starwood, na mwaka 2018 maelfu ya wafanyakazi wa hoteli za Marriott waligoma katika miji minane, Boston, San Francisco na Honolulu zikiwemo. Walidai mshahara kwanza, na jambo hili la vyumba visivyosafishwa nalo lilikuwa mezani.

Mimi sikuwa katika mgomo. Hoteli niliyokuwa nafanya kazi wakati ule haikuwa na chama, na jina lake silisemi. Lakini kadi ile ilitufikia. Nilikuwa napata saa 40 kwa wiki. Katika miezi miwili nikashuka hadi 24. Na msidhani kazi ilipungua. Chumba ambacho familia yenye watoto imekaa siku nne bila kuguswa, siku ya kuondoka unakikuta kama soko lililovunjika: bafu limeshika utelezi, mabaki ya chakula chini ya kitanda, takataka hadi mlangoni. Unapewa dakika zilezile za chumba cha siku moja. Mgongo wangu uliumia mwaka ule, na kodi ya nyumba haikungoja mgongo upone.

Tulikuwa wanne: mimi, dada mmoja Mburundi, mama mmoja wa Kisomali na binti kutoka Burma. Tulikutana kwenye chumba cha kufulia wakati wa chakula. Kulalamika tulikuwa tumeshalalamika, na jibu lilikuwa lilelile: wageni ndio wamechagua. Basi mimi nikamwendea yule fundi mkuu, nikamuuliza swali moja: ni kitu gani kinakula gesi na umeme wa hoteli hii, ambacho mikono yetu ingeweza kukipunguza?

Hakusita. Akataja vichujio vya mashine za chini ya madirisha, vimejaa vumbi, havijasafishwa tangu mwaka jana, na mashine isiyopumua inahangaika zaidi kwa joto lilelile. Akataja vyoo vinavyovuja kimya kimya usiku kucha, na bomba za maji ya moto zinazodondosha. Akataja mapazia: jua la asubuhi wakati wa baridi ni joto la bure, lakini tukimaliza chumba tunayafunga. Wakati wa kiangazi tunayaacha wazi, kiyoyozi kinapigana na jua. Akataja vyumba vya ghorofa ya nne ambavyo Januari havikuwa na mgeni hata mmoja, na vimepashwa joto kana kwamba bibi harusi anakuja leo usiku. Mwisho akataja vichujio vya mashine za kukaushia, vile vinavyokusanya ile pamba ya nguo. Vikijaa, taulo zinachukua karibu saa nzima kukauka, tena ni hatari ya moto.

Tukayaandika. Binti wa Burma alikuwa na mwandiko mzuri na Kiingereza cha shule. Karatasi moja tu. Tukampelekea meneja: vyumba vilivyokataa usafi, tupe saa zake tufanye kazi hizi. Tulitegemea atatufukuza. Alisoma, akaniuliza nani kaandika, akasema atajaribu mwezi mmoja.

Sitawadanganya. Hatukurudishiwa saa zote. Kutoka 24 nikapanda hadi 32, na hapo pakabaki. Dada Mburundi aliondoka, akapata kazi ya kiwanda. Lakini karatasi ile ndiyo iliyonitoa kwenye kigari. Mwaka uliofuata fundi mkuu alipohitaji msaidizi alinitaja mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshajua vichujio viko wapi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kuhifadhi nishati maana yake ni kupunguza watu, namwambia hapana. Kupunguza watu ni kupunguza watu. Nishati inahifadhiwa na mtu anayeingia chumbani kila siku, akasikia choo kinavuja, akagusa ukuta ukawa wa baridi, akaandika namba ya chumba na kumwambia fundi. Mashine haijui kuandika namba ya chumba. Najua sasa ziko hoteli zenye kadi ya mlango unayoiingiza ukutani ndipo taa ziwake, na vifaa vinavyohisi kama kuna mtu. Vizuri. Navifunga mimi mwenyewe. Vinaharibika, na anayejua kwamba vimeharibika ni yule wa usafi.

Mkitaka mfano wa nyumbani, upo Zanzibar, kisiwa cha Chumbe. Kuna hoteli ndogo ya mabanda saba iliyofunguliwa miaka ya mwisho ya 1990. Taa zake ni za sola, maji ya kuoga yanapashwa na jua, na maji yenyewe ni ya mvua, yanakusanywa na mapaa na kuhifadhiwa chini ya sakafu. Vyoo havitumii maji. Usiku njia hazina taa, mgeni anapewa tochi, ili wanyama wa usiku wasisumbuliwe. Na waliofundishwa kuwa walinzi wa matumbawe ya kisiwa kile walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, watu waliokuwa wanaijua bahari ile. Sisemi Buffalo tuoge maji ya jua Februari, tutakufa. Nasema waliangalia mahali pao pana nini.

Hapa tuna umeme wa maji, na kwa hiyo kazi iliyobaki ni kuhamisha joto kutoka kwenye gesi kwenda kwenye umeme huo. Inawezekana. Mwaka 2022, New Haven katika jimbo la Connecticut, walifungua hoteli inaitwa Hotel Marcel ndani ya jengo la zege la mwaka 1970 lililokuwa ofisi za kampuni ya matairi. Vyumba 165, na hakuna gesi hata jikoni. Madirisha yana vioo vitatu, sola ziko juu ya paa na juu ya maegesho ya magari, na joto linatoka kwenye pampu za joto. Pampu ya joto msiiogope kwa jina. Ni friji iliyogeuzwa: friji inatoa joto ndani ya sanduku na kulitupa jikoni kwenu, pampu inachukua joto kutoka nje, hata nje kukiwa na baridi, na kulileta ndani. Kwa umeme wa kipimo kimoja unapata joto la vipimo viwili au vitatu.

Vijana, ninyi hapo nyuma, hizi pampu zinahitaji watu wa kuzifunga na kuzitengeneza, na mafundi wa zamani wanastaafu. Kuna Northland Workforce Training Center upande wa mashariki wa mji, ilifunguliwa mwaka 2018, inafundisha umeme, mashine na kazi za nishati. Nendeni mkaulize wenyewe masharti yao, mwende na mtu wa kutafsiri kama Kiingereza bado. Msiridhike na kigari. Kigari ni cha kuanzia.

Na nyumbani? Nyumbani ni hoteli ndogo. Nyumba nyingi za Black Rock ni za mbao, za zamani, upepo wa mtoni unaingia kila tundu. Mtapata bili mbili: ya umeme kutoka National Grid, ya gesi kutoka National Fuel. Ile ya gesi ndiyo itakayowashtua Januari. Ukienda kazini, shusha kidhibiti cha joto, lakini usikizime kabisa, mabomba yataganda na kupasuka. Bandika plastiki ya madirisha, inauzwa madukani, bei si kubwa. Usiwashe oveni ya gesi ili kupasha nyumba. Tafadhali. Ile hewa inaua watu wakiwa wamelala, haina harufu. Waliokuwepo hapa Krismasi ya 2022, theluji ilipofunga mji na umeme ukakatika, wanajua kwamba joto hapa si anasa. Kipo msaada wa jimbo, HEAP, kwa familia zenye kipato kidogo, wa kulipia joto, na upo mpango unaitwa EmPower+ unaoweza kuziba kuta na nyufa bila malipo, hata kwa mpangaji, mwenye nyumba akikubali. Waulizeni wasaidizi wenu wa ofisini, wanazo fomu. Na akija mtu mlangoni akitabasamu, anataka kuona bili yako ili "akupunguzie", usimpe. Namba zilizo kwenye bili ile zinamtosha kukuhamisha kampuni bila wewe kujua umesaini nini.

Nimepita nusu saa, naona chai imeshaletwa. Jumamosi ijayo nitakuwepo tena hapahapa kuanzia saa nne asubuhi. Leteni bili zenu za gesi, hata za wenye nyumba kama wanawapa, tuzisome pamoja mstari kwa mstari. Na aliyeanza kazi hotelini wiki hii aniambie ghorofa yake ina vyumba vingapi na vichujio vilisafishwa lini.